Leo Acha Adabu

Daktari alibonyeza tumbo la Isimbi, na binti yangu akatabasamu.

"Haumwi," daktari aliniambia. "Kifuko cha nyongo kilichokuwa kikimuuma tulishakitoa mwaka jana."

Kwetu milimani msichana halii mbele ya wageni. Hapa Louisville, Marekani, nimemlea vivyo hivyo.

"Isimbi, leo acha adabu. Akibonyeza tena, piga kelele."

"Mama, ni aibu."

"Bon, aibu nitaibeba mimi. Daktari, rudia."

Alirudia. Isimbi alipiga yowe hadi muuguzi akafungua mlango.

"Sasa mpige picha ya tumbo," nilisema. "Bila picha hatutoki."

Kwenye skrini, chini ya ini, kifuko kingine cha nyongo kilionekana kimevimba.

"Alizaliwa na viwili," daktari alisema polepole.

Nikaanza kumvua Isimbi hereni, tayari kwa upasuaji.