Pofu na Umande

Palikuwa na Pofu mmoja mzee, yule mnyama mkubwa wa porini mwenye pembe zilizosokotwa, aliyetaka kukimbia kama zamani. Kila mwaka wanyama walishindana kutoka msituni hadi bwawani, mwendo wa kilomita tano, naye alijipima kwa kitu kimoja tu: ujanani alitoka alfajiri akafika bwawani umande ungali majanini.

Kiangazi kizima akafanya mazoezi. Leo alipanda kilima mbio, kesho akatembea polepole kupumzisha magoti. Lakini kila alipofika bwawani, alikuta majani makavu.

"Huo umande wako hutauwahi tena, babu," akasema Swala kijana, amejilaza kivulini.

Pofu akaona ni kweli. Akamwendea ndege Kwale, mwamuzi wa mbio, ili ajitoe.

"Kisa nini?" Kwale akauliza.

"Umande unanishinda."

"Umande upi, mzee wangu? Mimi nalala humo majanini. Tangu mvua zikatike, sijalowa hata unyoya mmoja."

Pofu hakujitoa tena, akarudi kwenye mazoezi yake.

Siku ya mbio ilifika baada ya mvua za kwanza. Alfajiri Swala alichomoka mbele ya wote, lakini kilima kikamkata pumzi, akamalizia kwa kutembea. Alipofika bwawani jua lilikuwa kali, na Pofu alikuwa amekwisha kunywa maji, amelala anacheua.

Swala akayatazama majani. "Hata leo umande hakuna," akasema huku akihema.

"Ulikuwepo," Pofu akajibu, akaendelea kucheua.