Safari ya Wajdi Kurudi Kanada

Itangazwe milimani na pwani, wasikie wakubwa kwa wadogo: Bwana Wajdi, nuru ya ukoo, mkazi wa Kanada kwa mwaka wa nne sasa, amemaliza likizo yake kijijini na anarejea ng'ambo.

Ng'ambo yenyewe ilikuwa Batroun, dakika arobaini kwa gari, nyuma ya mgahawa mmoja alikopara samaki kutwa nzima. Lebanoni ni nchi ndogo. Mama yake, akianika nguo barazani kule mlimani, aliliona paa la mgahawa huo chini kabisa, kando ya bahari. Hakujua tu kwamba anamtazama mwanawe.

Ubalozi ulimnyima viza siku tatu baada ya mama kuuza bangili zake za harusi ili apate nauli. Wajdi hakupata ulimi wa kumwambia. Alishuka mlima na sanduku lake, akaishia pale barabara ilipoishia. Tangu hapo, kila Agosti alipanda kijijini kupumzika wiki mbili, kichwani kofia yenye jani jekundu la Kanada. Ndugu walipotaka kumpeleka pwani akaogelee, alisema ngozi yake imezoea theluji.

Miaka yote rafiki yake mwenye teksi alimfuata alfajiri, wakaagana na mama mlangoni, yakaisha. Lakini mwaka huu Mjomba Nakhle alikuwa amenunua basi dogo, na kwetu msafiri haagwi mlangoni kama muuza mafagio. Husindikizwa mpaka uwanja wa ndege, na hakuna anayeondoka hadi ndege ipae.

"Lina viti kumi na vinne," Mjomba alisema. "Na bibi harusi ni wewe."

Wajdi alijaribu kila mlango. Alisema njiani kuna foleni. Alisema kuagana hadharani kunamwumiza moyo. Alilitaja hata goti la mama, naye mama akajibu kwamba goti litapoa akishamwona mwanawe ameingia salama. Basi wakapanda watu kumi na mmoja, pamoja na mitungi sita ya mbilingani za siki, kwa sababu inaaminika kwamba Kanada watu hawali.

Walipokaribia Batroun, Wajdi aliinama kufunga kamba za viatu. Alizifunga kwa kilomita tatu.

"Huko kwenu hamfundishwi fundo?" Mjomba aliuliza kutoka usukani, na basi zima likacheka.

Beirut, kwenye ukumbi wa uwanja wa ndege, askari alisimama kwenye geti akidai tiketi na pasipoti. Pasipoti Wajdi alikuwa nayo, safi kama sahani iliyooshwa, haijawahi kugongwa muhuri hata mmoja. Tiketi hakuwa nayo. Nyuma yake walisimama watu kumi, mama yake mbele, amevaa nguo za kanisani.

Bahati ilimpa dakika moja. Mama yake alikutana na jirani yao, Hind, ambaye naye alikuwa ametoka kumuaga mwanawe wa pekee, anayerudi shuleni Ufaransa, na sasa Hind alikuwa akingoja ndege ipae. Wanawake hao wawili walikumbatiana wakalia. Wajdi akashika tumbo, akailaumu kibbe ya jana, ile nyama mbichi ya kutwanga, akakimbilia vyoo vya pembeni na kujifungia.

Mpango ulikuwa kungoja kidogo, kisha kutuma ujumbe kwamba ameshapita. Hakukumbuka kwamba vyoo vina mlango mmoja wa kutokea, na kwamba Mjomba Nakhle angesimama papo hapo, amelikalisha sanduku miguuni kama mbuzi wa sadaka.

Dakika kumi zikapita. Ishirini. Jasho lilimtiririka mpaka ndani ya soksi.

"Wajdi, mwanangu," sauti ya mama ilisikika kutoka nje. "Ndege itakuacha, baba. Toka nikuone mara moja tu."

Akamsikia anamwambia Mjomba, kwa sauti ya chini, kwamba kama mtoto anaumwa basi asisafiri, arudi nyumbani. Alikuwa amechoka kuwa na mwana kwenye simu. Bangili si kitu, alisema, mkono hauoni baridi.

Wajdi aliuma mkono wa shati lake. Kwa simu alimdanganya miaka minne bila kukwama hata neno, lakini ubao huu mmoja wa mlango ulimshinda. Alijaribu kuyapanga maneno: mama, sikuwahi kuondoka. Hayakupangika. Akayaacha yalivyo, akafuta uso, akashika komeo.

Hapo mtu wa choo cha pili akanong'ona kupitia upenyo wa chini ya ukuta:

"Kaka Wajdi, ukitoka, waambie humu hamna mtu mwingine. Tafadhali. Mama yangu yuko hapo nje amemkumbatia mama yako."

Mtauliza msimulizi ameyajuaje mambo ya chooni. Sawa, nakiri. Mtoto wa Hind ni mimi, na ile shule ya Ufaransa ilinifukuza tangu Januari.