Kata Isiyoonjwa

"Hii ni sumu ya kuulia wadudu," daktari alisema, akimchoma Aminieli sindano ya pili. "Mate yanamtoka, mboni za macho zimesinyaa. Imemwingiaje?"

"Alikuwa ananyunyizia kahawa bila kufunika pua," Tumsifu akadakia. "Kaka yangu mbishi, daktari."

Aminieli hakuwa amegusa bomba la dawa tangu mvua zianze. Alitaka kusema hivyo, lakini kifua kilimbana kama kimewekewa jiwe, na maumivu yakashuka mkono wa kushoto. Wauguzi wakamwahi na barakoa ya hewa.

"Sasa na moyo nao umepata shambulio," daktari alisema. "Asiinuke, asiongee."

Basi akalala kimya, akaikumbuka pombe aliyokaribishwa asubuhi kwa mdogo wake. Kwao, mwenye nyumba huonja kwanza, ndipo humpa mgeni kata. Tumsifu alimpa kata iliyojaa, ukingo wake mkavu. Aminieli aliona, akanywa. Nani hudai kuonjewa na mtu aliyenyonya naye ziwa moja?

Jioni maumivu yalipopungua, muuguzi aliruhusu maji kidogo. Tumsifu ndiye aliyeyamimina. Akainua kikombe mbele ya watu wote wodini, akaonja taratibu, akajifuta mdomo, kisha akamsogezea kaka yake.

"Kunywa, kaka."

Kumbe hakuwa amesahau desturi.

Aminieli aliutazama ukingo wa kikombe uliolowa, midomo yake ikiwa imekauka, na hakuifungua.