Mke Mpole

Mambo yaliharibika Jumanne ya tarehe kumi na nne Mei, pale wakubwa wa Idara ya Marehemu, watu wasio na haya, walipochana kipande kimoja cha ubongo wa marehemu Mwanaisha, uliokatwa vipande vyembamba ili upigwe picha. Sheria ilimtaka mumewe, Kombo, aunganishe kwenye skrini matawi ya neva za mkewe, kipande hadi kipande, ndipo sauti yake irudi nyumbani. Penye mchano alibahatisha tu.

"Nimeunguza wali tena," aliiambia spika ya jikoni.

"Si neno, kipenzi," sauti ikajibu.

Mwanaisha aliyemuoa angemwita mchoma mkaa mpaka majirani wacheke. Kombo akaipigia idara kulalamika, sufuria mkononi.

"Shukuru, mzee, umepata mke mpole," ofisa akamtania.

"Na yule wangu mkali, mmemtupa wapi?"