Bandeji ya Sista Benigna

Kila usiku Sista Benigna alipita na kikapu chake kwenye vibaraza vya maduka, akiwasafisha vidonda wanaolala nje. Usiku huo mzee mmoja alimnyooshea mguu uliooza kisigino.

"Taratibu, Sista."

Sauti ile Benigna aliijua. Miaka ishirini iliyopita, akiwa mtoto aliyejificha kwenye mahindi, aliisikia ikiamuru watu: "Fungeni mlango kwa nje." Nyumba ilikuwa inawaka, na mama yake, Anjelina, alikuwa ndani.

Akammulika usoni kwa tochi. Alikuwa Nzowa, jirani yao. Amekonda, lakini ni yeye.

Ndani ya kikapu mlikuwa na dawa, na mlikuwa na mkasi. Benigna alivitazama vyote viwili kwa muda mrefu.

"Ni kibaya sana?" mzee akauliza. "Wenzangu wanasema kitaniua."

"Hufi." Akachukua dawa, akaanza kuosha usaha, polepole, bila kumuumiza. "Nitakuja kesho na keshokutwa, mpaka upone."

"Mungu akubariki, mwanangu. Wewe ni wa nani?"

Benigna alimaliza kufunga bandeji. Kisha akageuza tochi, akajimulika uso wake mwenyewe.

"Mimi ni wa Anjelina. Nimefanana naye, sivyo? Utapona, Nzowa. Utaishi miaka mingi, na kila usiku nitakuja uniangalie."

Mzee akauvuta mguu. Benigna alikuwa bado ameushika kwa mikono miwili, kwa upole uleule, na hakuuachia.