Kiti cha Mwinchande

Sheria ilitaka kila mkandaji wa nyayo awe na kiti kinachotamka yaliyothibitishwa na utafiti. Cha Mwinchande kiliwasili asubuhi, na wa kwanza kukikalia akawa dada yake, Mwantumu.

"Hapa ndipo pa kutibu figo," Mwinchande akasema kwa mazoea, akiubonyeza unyayo.

"Hakuna ushahidi," kiti kikasema. "Kukanda hakutibu figo. Huenda kukapunguza wasiwasi."

Mwantumu akacheka. "Kimekuumbua, kaka! Na mimi nimeacha dawa za figo za hospitali kwa ajili yako."

Mwinchande akauachia unyayo. "Tangu lini?"

"Miezi miwili."

"Vaa viatu, twende hospitali."

"Naogopa."

"Nitakukanda kwenye foleni. Kwa woga nafaa, hata kiti kimekubali."

Mwantumu akavaa. Njiani Mwinchande akaanza kuwapigia simu wateja wote aliowahi kuwabonyeza hapo pa figo.