Kakakuona Aitazama Hofu Yake

Chui alirudi safari ya mbali, kama warudivyo wasafiri, na shuka la manjano na mengi ya kufundisha. Kakakuona hakumwamini. Lakini afanye nini? Kila alipogutuka alijikunja kama mpira, na mwanawe, aliyezoea kupanda mgongoni, akabwagwa nje peke yake.

"Haya ni mafundisho ya Budha, mama," alisema Chui. "Hofu ikija usiikimbie. Vuta pumzi, itazame, itapita."

"Na wewe utakuwa wapi nikiitazama?"

"Hapa hapa, karibu yako."

"Nilijua tu."

Hata hivyo alijaribu, jicho moja kwa Chui. Hofu ikaja. Akavuta pumzi, akaitazama bila kujikunja. Kichwa kikatulia, na katika utulivu ule akasikia tumbo linanguruma, wala si lake.

"Mwalimu, hiyo nini?"

"Aa, upepo tu."

Basi Kakakuona, bila haraka, akampakata mwanawe kifuani kwanza, ndipo akajikunja: magamba nje, mtoto ndani.

"Mafundisho ni ya kweli, mwalimu," sauti ikatoka humo ndani. "Nawe itazame hiyo njaa."

Chui aliitazama mpaka jioni. Haikupita.